Miligausi kwenye Mto wa Kogo

Jumatatu

Mama watoto amerudi kutoka chamani na habari kwamba ile minara ya stima inanyonya maziwa. Si yetu peke yetu, amesema, ni ng'ombe wote walio kando ya waya kuanzia huku Sachangwan hadi sijui wapi. Nimemkumbusha kwamba ng'ombe wetu alipunguza maziwa wiki ileile chakula cha dukani kilipopanda bei na sisi tukampunguzia kipimo. Akaniambia, "Wewe si ndiye mwalimu wa fizikia? Pima."

Nimepakua programu ya simu ya kupima sumaku. Sebuleni, mikrotesla 34. Jikoni, 34. Katikati ya viazi, 33. Chini ya waya penyewe, 34. Hiyo ni sumaku ya dunia. Huku kwetu karibu na ikweta inakaa hapo kwenye 33 au 34, nayo imetulia. Stima ya Kenya inageuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kihisi cha simu kiliwekwa kwa ajili ya dira, hakina mbio za kuifuata. Nimeyaeleza haya mezani tukila. Shemeji, ambaye anakaa kwetu akitafuta kazi Salgaa, ameuliza kama dunia inaweza kuzimwa.

Kitanda cha Mama ni cha chuma. (Watoto wanamwita Kogo, na siku hizi nyumba nzima inamwita hivyo.) Simu ikasoma 71. Nilipoanza kueleza kwamba chuma chochote huipinda sumaku ya dunia, Kogo alikuwa tayari amebeba blanketi lake. Amelala kwenye kochi. Kijijini inasemekana nimemtoa mama yangu kitandani.

Jumanne

Ni vizuri kujua unapima nini. Jirani wa juu anasema waya hizi zinatoka Olkaria kwenda Lessos na Kisumu, kilovolti 220. Jirani wa chini anaapa ni ile njia ya zamani, kilovolti 132, iliyovutwa miaka ya 1950 kuleta umeme wa Owen Falls kutoka Uganda hadi Nairobi kupitia Nakuru, na kwamba baba yake alichimba mashimo ya minara kwa mkono. Njia zote mbili zipo duniani. Nani yuko juu ya ng'ombe wangu ni jambo lingine.

Dawa yake ni kuhesabu visahani vya kioo vinavyoning'iniza waya. Kilovolti 132 huwa na visahani tisa hadi kumi na moja hivi. 220 huenda kumi na nne au zaidi. Nimekwenda na daftari. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nimeona visahani vinne, kisha vitatu, kisha mnara wenyewe ukaondoka. Watoto wana macho makali kuliko yangu: mmoja amesema kumi, mwenzake kumi na moja, wakapigana. Nimeandika 132.

Kwa sumaku, hata hivyo, volteji si hoja. Hoja ni mkondo unaopita, nao hauonekani kwenye visahani.

Mwenye bodaboda amesimama kuniuliza kama mimi ni wa kupima njia. Sikumwelewa. Jioni nimemwelewa: habari imeenea hadi stejini kwamba fidia ya stima inakuja na Mwalimu ndiye anayeandika majina.

Jumatano

Nimetengeneza koili. Mizunguko 1000 ya waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye transfoma ya redio iliyokufa, juu ya kipande cha boksi cha sentimita kumi kwa kumi. Hesabu yake ni tamu: ukiiweka kwenye uga wa sumaku wa mikrotesla moja, kwa stima ya kugeuka mara 50, inakupa milivolti tatu na kitu. Kogo alikuwa anahesabu mizunguko kwa sauti. Karibu na mia saba mgeni akapiga hodi, na Kogo hawezi kuacha mgeni mlangoni. Mizunguko ni takriban 1000.

Testa yangu ya manjano, ile ya kila fundi, kwa stima ya nyumbani ina kipimo kidogo kabisa cha volti 200. Milivolti tatu mbele yake ni sawa na hakuna. Imesoma 000 sebuleni, 000 jikoni, 000 chini ya waya. Mama watoto amesoma zile sifuri tatu, akasema, "Basi imeisha," akaenda kukamua.

Alhamisi

Nimeomba kipaza sauti cha kanisa. Pasta ameuliza ni cha nini, nikasema ni cha kusikiliza stima, akanitazama kwa muda, akanipa. Koili ikiunganishwa na kipaza sauti, uga unasikika: mngurumo mmoja mzito usio na wimbo. Watoto wameupenda. Mbwa hajaupenda.

Nimezunguka nyumba nzima. Upande wa minara, kimya karibu kabisa. Kwenye friji, mguno mdogo. Kwenye ukuta wa chumba cha Kogo, ngurumo ya kutikisa spika, kisha baada ya dakika chache ikakatika yenyewe. Hakuna aliyegusa kitu. Kogo amesema alijua tangu mwanzo kuna kitu kwenye ule ukuta, na ndiyo maana magoti yanamuuma.

Jioni ukungu umerudi na waya zimeanza kuchemka, ule mlio kama mafuta kwenye karai. Watu wanasema ni stima inavuja. Hewa yenye unyevu karibu na waya inachanika kwa ukali wa volteji, inaitwa korona, nayo haina uhusiano na sumaku ninayoitafuta. Mzee wa jirani alisimama nami tukisikiliza. Nikamweleza. Akasema yeye huku hakuhitaji mashine ya kumwonyesha hatari, kisha akanyoosha fimbo kuelekea barabarani, kule chini ambako tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya mia moja. Mzee alibeba watu usiku ule. Hakuongeza neno, na mimi sikumwonyesha koili.

Ijumaa

Kijana niliyemfundisha, sasa yuko chuo kikuu Nairobi akisomea uhandisi wa umeme, amenitumia kipimo cha kweli kwa matatu. Kondakta alipaswa kukishusha Sachangwan. Alikumbuka alipofika Eldoret. Amekirudisha kwa rafiki yake wa lori, na lori halisimami kwenye mteremko, kwa hiyo kimeshukia Salgaa. Shemeji amekifuata kwa bodaboda. Nauli ya bodaboda imezidi nauli ya kipimo.

Kinatumia betri ya volti 9, ile ya mraba. Hakikuja nayo. Dukani kuna betri za tochi, mishumaa na chumvi ya ng'ombe. Betri ya volti 9 pekee ninayoijua eneo hili iko ndani ya maikrofoni isiyo na waya ya Pasta.

Jumamosi

Pasta amenipa betri kwa masharti.

Kipimo kinasoma kwa miligausi. Miligausi kumi ni mikrotesla moja. Tena kina mhimili mmoja, maana yake kinasikia uga wa upande kilikoelekezwa tu. Ukitaka jumla unakielekeza juu, kisha mbele, kisha pembeni, unazidisha kila jibu kwa lenyewe, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili. Nimefanya hivyo katika kila chumba, nikiinama na kujipinda. Mama mmoja wa chama alikuwa amekuja kuazima ungo. Ameondoka bila ungo. Nimesikia anasema Mwalimu sasa anabariki nyumba kwa rimoti.

Chini ya waya: miligausi 11. Hatua ishirini kando: 3. Mlangoni kwetu, nyuma ya ua: sehemu ya moja. Waya tatu za msongo mkubwa zinapokezana mkondo kwa namna ambayo sumaku zao zinafutana kadiri unavyokwenda mbali. Ukienda mara mbili ya umbali, uga unabaki robo hivi. Serikali inapoacha njia chini ya waya za kilovolti 132 inaacha mita 30, na ukishatoka nje ya hizo mita kipimo kinaanza kuchoka.

Nimepanga kupima tena usiku, kati ya saa moja na saa tatu, wakati nchi nzima inapika, inapiga pasi na kutazama habari, na mkondo kwenye waya uko juu. Saa moja na dakika kumi stima imepotea.

Kila mtu amesikitika isipokuwa mimi. Kijiji kikizimika, friji, taa na waya za nyumba vinanyamaza, lakini minara inaendelea na safari yake, haina habari na sisi. Kinachobaki kwenye kipimo ni mchango wa minara peke yake. Nimetembea gizani na mshumaa mkono mmoja na kipimo mkono mwingine. Sebuleni, 0.3. Chumba cha watoto, 0.3. Kwenye mto wa Kogo, 0.3. Mshumaa umedondokea daftari, lakini namba zinasomeka. Mama watoto ameangalia 0.3 akauliza ni nzuri. Nikasema ni mikrotesla 0.03. Akasema hajauliza hivyo.

Jumapili

Pasta amehubiri bila maikrofoni. Amegusia, bila kutaja mtu, wale wanaochukua vya madhabahu kwa mambo ya dunia.

Saa kumi na mbili na nusu jioni stima imerudi, nami nimesimama kwenye mto wa Kogo. 0.4. Kisha, bila onyo, 46.

Nimekitikisa kipimo. 46. Nimekigeuza, nimepiga hesabu upya. 46, yaani mikrotesla 4.6, mara nne ya kusimama chini kabisa ya msongo mkubwa. Nyumba ilikuwa imetulia. Kitu pekee kilichosikika ni maji. Shemeji alikuwa anaoga.

Shawa yetu ya stima inakula kilowati tano na nusu. Ukigawa kwa volti 240 ni karibu ampia 23. Mkondo ukienda na kurudi kwa waya mbili zilizolala pamoja, sumaku zake zinafutana na hutasikia kitu. Fundi aliyeweka shawa alipitisha waya mmoja nyuma ya kitanda cha Kogo, na wa kurudi akauzungushia darini upande wa pili wa nyumba, sijui kwa sababu gani, labda waya ulikuwa umebaki kule. Ampia 23 kwenye waya mmoja, mita moja kutoka kwenye mto: mikrotesla 4.6. Hesabu na kipimo vimekubaliana hadi nukta. Nimefurahi sana, na hakuna wa kufurahi naye.

Shemeji ametoka na taulo akakuta familia imesimama chumbani kwa Kogo ikimtazama.

Jumatatu

Kusoma mara moja hakutoshi. Wanaochunguza mambo haya wanataka wastani wa siku nzima, na wana vipimo vinavyojiandikia vyenyewe. Mimi nina daftari. Jana jioni nililitundika kwa msumari juu ya kitanda cha Kogo, nikachora jedwali la saa 24, kila mmoja akapewa zamu. Nimelikusanya jioni. Nanukuu:

Saa moja usiku, 0.5. Saa mbili, 0.4. Saa tatu, 0.4, "na friji inalia". Saa sita, 0.3. Saa saba, "nimeamka lakini sijaona miwani". Saa nane, hakuna. Saa tisa, 0.3, kwa mwandiko wa saa nane. Saa kumi na moja, lita sita na nusu, ambayo ni hesabu ya maziwa. Saa kumi na mbili asubuhi, 46.

Hiyo 46 ni Shemeji tena. Anaoga saa kumi na mbili kamili. Jedwali langu linasoma kila saa, kwa hiyo limemhesabu kama aliyeoga saa nzima. Nikimwacha ndani, wastani wa mto wa Kogo ni miligausi 2.3. Nikimtoa, ni 0.4. Shemeji peke yake ni karibu mara tano ya vitu vingine vyote ndani ya nyumba na minara ikiwemo. Nimeisoma hesabu hii wakati wa chai. Mama watoto amesema kama tatizo ni ndugu yake niseme waziwazi, nisipitie kwenye miligausi.

Jumanne

Wameanza kuja. Wa kwanza ana kipande chake chini ya waya na anataka fidia. Ameomba nipime saa mbili usiku, kukiwa na mkondo mwingi, na niandike kwa miligausi kwa sababu namba inakuwa kubwa. Wa pili anauza ploti inayopakana na ya kwanza. Ameomba nipime saa nane mchana, kwa mikrotesla. Wa tatu ana kinu cha kusaga unga na hataki nipime kabisa. Chifu amepita "kusalimia" na ameuliza kama nina barua.

Wote wanauliza jambo moja: ni mbaya au si mbaya? Nimewapa nilicho nacho. Mwaka 1979 Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha uchunguzi wa Denver, Marekani: nyumba za watoto waliokufa kwa saratani zilikuwa karibu na waya nene za umeme mara nyingi kuliko nyumba za wengine. Hawakupima sumaku humo ndani. Walitazama waya na umbali. Waliofuata wakapima. Mwaka 2000 tafiti zilipokusanywa pamoja, watoto wachache walioishi kwenye wastani wa juu ya mikrotesla 0.3 au 0.4 walionekana kupata saratani ya damu karibu mara mbili ya wengine, na hakuna aliyeweza kueleza sumaku dhaifu hivyo inafanyaje. Mwaka 2002 IARC, shirika la saratani chini ya WHO, likaiweka sumaku ya stima kwenye kundi la 2B, "huenda", pamoja na achari ya mboga ya kule Asia. Mwaka 2007 WHO ikasema ushahidi hautoshi kusema ndiyo sababu. Na mwaka 2010 kamati ya ICNIRP, inayotoa viwango, ikaweka kikomo cha watu wa kawaida kuwa mikrotesla 200, kwa sababu kikomo hicho kinahusu mishtuko ya neva ya papo hapo, si miaka ya kulala kando ya waya.

Mama watoto alikuwa anamenya viazi. "Kwa hiyo moja inasema mia mbili na nyingine inasema sifuri nukta nne."

"Ndiyo."

"Na Kogo ana ngapi?"

"Sifuri nukta mbili tatu. Bila ndugu yako, sifuri nukta sifuri nne."

"Na ng'ombe?"

Ng'ombe hajapimwa. Wiki nzima hakuna aliyekumbuka ng'ombe. Nimekwenda zizini na kipimo: 0.6. Amenipiga teke la mkono wa kulia. Kipimo kiko salama, kimeangukia kwenye samadi laini.

Jumatano

Nimeshauri kwamba Shemeji aoge mchana, Kogo akiwa shambani. Ni dawa ya bure na inaondoa yote. Shemeji amekubali. Kogo amekataa, amesema mgeni hapangiwi saa ya kuoga kwenye boma lake, na kwamba yeye amerudi kitandani tangu Jumapili na amelala vizuri kuliko mwaka jana wote. Kuhusu magoti hakusema.

Jirani wa ploti amefika na mnunuzi. Mnunuzi amenisikiliza kwa adabu nikieleza mkondo, umbali na wastani, kisha akauliza kama chini ya waya mtu anaweza kupanda mikaratusi. Hawezi, miti mirefu hairuhusiwi. Ameondoka. Jirani anasema nimemharibia biashara kwa sumaku.

Alhamisi

Nimemwita fundi, si yule wa kwanza. Kazi ni ndogo: kuutoa waya wa kurudi darini na kuulaza kando ya mwenzake ukutani, umbali wa kidole. Amesema nusu saa. Ametoboa ukuta wa bafu akakuta bomba la maji, ambalo yule fundi wa kwanza alilipitisha mahali waya ulipopaswa kupita, na nadhani sasa najua kwa nini waya ulikwenda darini.

Maji yamejaa chumba cha Kogo hadi kwenye miguu ya kitanda cha chuma. Tumefunga bomba kuu. Fundi ameunganisha waya kwa usahihi kabisa, amewasha shawa ikiwa kavu kwa sekunde moja ili nipime, nami nimesoma kwenye mto wa Kogo: 0.6. Kutoka 46. Kisha elementi ya shawa imetoa moshi.

Fundi wa bomba anapatikana wiki ijayo. Betri nimemrudishia Pasta, akaipima kwa ulimi, akasema imekwisha.

Ijumaa

Hakuna maji ya moto. Shemeji amepata kazi Salgaa, kwenye gereji ya kuchomelea vyuma vya matrela, na amehamia huko asubuhi. Huko mashine inatoa ampia mia na zaidi, na kebo huwa begani kwa fundi. Nilitaka kumweleza lakini bodaboda ilikuwa inangoja.

Maziwa leo, lita saba. Mama watoto amesema ni kwa sababu nimerekebisha waya. Chama kimeshaarifiwa.